Balozi Aliyeshauri Subira

Nilipokuwa Jidda niliajiriwa katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Nuzha kumwangalia mzee aliyewahi kuwa balozi. Kabla Iraki haijaivamia Kuwait, alikuwa miongoni mwa walioshauri Baghdad ibembelezwe, isichokozwe. Hata hivyo vita vikaja, na mwanawe wa kwanza akafia humo. Wa pili hakumsamehe babake. Huyo ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, na ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, ilikaa mfukoni mwake.

Ijumaa moja binti wa mzee, mwalimu wa historia Riyadh, alikuja kula nasi. Nilikuwa nikipakua wali alipouliza, "Baba, habari za wanajeshi wa Iraki mpakani mlikuwa nazo?"

"Tulikuwa nazo. Nilidhani ni vitisho tu."

"Ulidhani!" Kaka mtu alipiga meza. "Ulimbembeleza muuaji, ndugu yangu akafa!"

Mzee alipaliwa, akakohoa hadi macho yakamtoka. Nikachukua maji.

"Mwache!" kaka mtu alinifokea.

Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini hilo nililielewa. Nikampa mzee maji. Mwanawe aliinuka. "Halas, basi! Kesho nakupeleka polisi. Nitasema umeiba."

Nikamtazama mzee, nikitumaini atanitetea. Akainamisha kichwa. "Kweli, mwanangu. Hafai huyu. Mwondoe."

Nilifungasha nguo nikimwita mwoga kimoyomoyo. Kutoka sebuleni nilimsikia mwanawe akimtukana, naye akijibu kwa upole, akiomba radhi hata kwa vita. Alasiri binti aliingia chumbani. "Yalla, twende Riyadh. Ikama yako ninayo."

Ndani ya gari akanieleza: "Baba amemeza kila tusi ili kaka akuachie na kunipa ikama yako. Angebishana naye, kesho ungelala rumande."

"Basi hata kwenye vita hakukosea?"

"Alikosea. Yule mtawala wa Iraki hakuwa mtu wa kutulizwa. Nimeandika hivyo katika kitabu changu, na sitabadilisha. Lakini niliandika pia kwamba alikuwa mwoga. Hilo nitalifuta."

Huko Riyadh, kila simu ilipolia niliacha kazi nikasikiliza. Mara nyingi alikuwa kaka mtu, akitaka nirudishwe. Dada yake alimjibu, "Ndiyo, kaka, tutaona," huku akinipungia mkono niendelee na kazi.

Mzee alifariki kabla mkataba wangu haujaisha. Sikuwahi kumshukuru. Nilimwomba binti aniombee ruhusa kwa kaka yake nikawape pole. Akakataa. Jidda, alisema, nisikanyage tena; kaka yake bado angenipeleka polisi.