Mlango wa Mvule Kule Rangwe

Hadi leo mwili unanisisimka. Fundi anayenitengenezea gitaa la umeme alitaka mvule mkavu wa zamani, nami nikauona Rangwe: mlango wa nyumba ya watu. Hata tundu la kitasa nilishalipangia swichi ya sauti. Nikaugonga, nikatega sikio nisikie mlio wa mbao.

Mlango ukafunguka, akatokea mzee mwenye nyumba. "Karibu sana! Wenzako wako nyuma?"

"Niko peke yangu."

"Hakuna shida, kula tukiwangoja."

Nikadhani ni ukarimu tu, mjinga mimi! Nikala kuku, hadi firigisi, kipande cha mgeni wa heshima.

Mlango ukabishwa tena. Wazee sita wenye suti, na ng'ombe uani.

"Tumeleta mahari," wakasema.

Mwenye nyumba akanigeukia, macho yamemtoka. "Sasa wewe ni nani?"

"Mimi, mzee... nilikuwa nasikiliza mlango."