Siku Niliyokataa Jogoo Kisarawe

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa ofisini kwetu, maana wao wakisimulia wanatia chumvi mpaka inaonekana nilikuwa nimelewa, na mimi pombe siijui hata harufu yake (haya, harufu naijua, lakini hayo tuyaache). Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyelala chali kwenye mlango wa watu kule Kisarawe, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, jogoo juu ya kifua, mbele ya wageni walioleta posa, nikikataa kuondoka. Mwanzoni nilikuwa nakana, nikiulizwa nasema alikuwa mtu mwingine tumefanana, lakini picha zipo, na kwenye picha zile nimetoka vizuri kuliko kwenye kitambulisho.

Mimi ni Shabani, Mnyamwezi wa Tabora, na nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya upimaji wa viwanja hapa Kibaha. Mimi ni mtu wa porini, naenda kupima na kupanda mawe ya mipaka, narudi na vumbi mpaka kwenye kope. Vipimo nikishavileta anavipokea Mwanahawa, ambaye ndiye mchoraji wetu wa ramani, anakaa Sofu, hapa hapa Kibaha, lakini kwao hasa ni Kisarawe, Mzaramo wa baba na mama. Sasa Mnyamwezi na Mzaramo mnajua wenyewe. Ni watani tangu enzi za mababu, tangu hao babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani, na mtani ana ruhusa ya kukusema atakavyo, kukulia chakula chako, hata kwenye msiba wako anakuja kukucheka na wewe huruhusiwi kununa.

Basi siku yangu ya kwanza ofisini, nilipoambiwa tu kwamba yule dada pale kwenye kompyuta ni Mzaramo, nikaenda moja kwa moja nikachukua chapati yake kwenye sahani, nikaikunja, nikaanza kula nikamwambia ahsante mke wangu, Wazaramo hamjui kupika lakini leo umejitahidi. Ofisi nzima ikacheka. Yeye hakuinua hata macho. Akasema, mpagazi, ukimaliza kutafuna ubebe lile boksi la karatasi ulipeleke stoo, ndiyo kazi iliyowaleta pwani. Nikabeba. Tangu siku hiyo nimekuwa nabeba, na kila asubuhi nikiingia nasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Mke wangu, umeamkaje?" naye ananijibu, "Nimeamka na njaa, mume gani huyu asiyeacha hela ya sokoni?" na siku inaanza.

Kosa langu ni kwamba nilidhani utani ni kama koti, unalivaa na kulivua unapotaka. Sijui ni lini mambo yaligeuka. Najua tu kwamba nilianza kujikuta niko Gwata katikati ya mashamba ya watu, jua la utosi, wazee wawili wanagombania mpaka, mmoja amekalia jiwe langu ili nisilipande, na mimi badala ya kukasirika nawaza hii nitamsimulia Mwanahawa, atacheka mpaka ashike meza. Halafu akaumwa malaria, akakaa nyumbani, na mimi nikaingia ofisini asubuhi nikasema "mke wangu" kwenye kiti kitupu. Nilikaa chini nikajua nimekwisha.

Nikajaribu kusema. Alipopona nikamfuata pale kwenye chupa ya chai, hakuna mtu karibu, nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanahawa, mimi nakupenda. Sitanii."

Akaniangalia kidogo, akasema, "Na mimi nakupenda, mtani. Sitanii pia. Pisha nichukue sukari."

Nikapisha. Ningefanya nini? Wiki iliyofuata nikamletea doti ya khanga, nzuri, nimeichagua mwenyewe, akaifungua mbele ya watu, na bosi wetu Mama Temba (Mchaga, mama mwenye roho nzuri na sauti ya kengele ya kanisa) akatangaza kwamba hatimaye Mnyamwezi amelipa faini ya ile chapati. Wakapiga makofi. Na mimi, mjinga, nikainuka nikainamisha kichwa kama mtu anayepokea zawadi. Ndiyo adhabu ya mtani, mnasikia. Anaruhusiwa kusema lolote, na hakuna hata moja linaloaminika.

Sasa ikatokea niko Gwata siku kadhaa, narudi Ijumaa jioni nakuta ofisini wanapanga safari. Nikasikia kesho gari la ofisi linakwenda Kisarawe, nyumbani kwa kina Mwanahawa wanapokea posa, wote tumealikwa. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza swali moja dogo, posa ya nani? Wenzangu wote walishaambiwa wakati mimi nipo porini. Lakini mimi sikuuliza, kwa sababu niliogopa nikiuliza sauti itanisaliti, nikasema tu hongera, nikaenda zangu Kongowe ninakopanga nikalala na viatu.

Asubuhi nikapiga kanzu pasi. Nilishaamua kwenda kukaa kimya kama mwanamume, kula pilau, kumtakia heri, na kurudi kulia nyumbani. Huo ndio ulikuwa mpango, na ni mpango mzuri, ila kama nisingeubadilisha, leo tusingekuwa na hadithi. Tulipofika, shangazi yake, Bi Tatu, mama mmoja mnene mcheshi, akasikia kwamba mimi ni Mnyamwezi, akafurahi kama amepata mtoto aliyepotea. Akasema shughuli bila mtani imepooza, na hawa wageni wakifika wasiachwe waingie hivi hivi, watoe kwanza kitu. Nikatabasamu, nikasema nitaona. Na hapo hapo shetani akaninong'oneza wazo, nami nikaliona ni la busara sana: kama ukweli wangu hauaminiki nje ya utani, basi niuseme ndani ya utani. Nikisema mlangoni kwamba huyu ni wangu, watu watacheka, lakini yeye atanisikia, na mimi nitakuwa nimesema.

Wageni wakaja, wamependeza, mshenga wao mbele, mzee mmoja mrefu mwenye koti juu ya kanzu, nyuma yake wanawake na masinia yaliyofunikwa. Mlango ulikuwa wazi. Nikavua viatu, nikaingia katikati ya kizingiti, nikalala chali, kichwa upande huu, miguu upande ule.

"Hapiti mtu hapa," nikasema. "Mwanahawa ni mke wangu. Aliyekuja kumchukua arudi na masinia yake."

Vigelegele vikapanda mpaka nikaona fahari. Wageni wakacheka, wakasema kumbe kuna Mnyamwezi, wakaanza kunirushia noti, na mimi nikawa nazichukua moja moja nazirudisha. Wakaongeza. Nikarudisha. (Baadaye waliniambia walidhani hata jina nimelikosea makusudi, mtani mkorofi.) Bi Tatu akaona mambo yamekuwa makubwa, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo mwekundu mkubwa amefungwa miguu, akaniwekea kifuani. Akasema haya mtani, chukua chako upishe, jua linawaka.

"Sitaki jogoo, shangazi. Namtaka Mwanahawa."

Jamani, kicheko kilikatika kama umeme. Kwa sababu mtani hukataa noti ili apewe zaidi, hilo linaeleweka, lakini Mnyamwezi kukataa jogoo, tena jogoo wa Mzaramo, tena bure, haijawahi kuonekana. Pale ndipo watu wote walipojua, kwa pamoja, bila mtu kuambiwa, kwamba huyu hatanii. Na mimi nilijua kwamba wamejua. Mshenga akainama taratibu, akanishika bega, akaniuliza kwa upole kama unavyomuuliza mgonjwa, "Kijana, Mwanahawa ndiye nani? Sisi tumeletwa kwa Zuhura."

Zuhura ni mdogo wake.

Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Kisarawe ni ngumu. Nikashtuka nikajiinua nusu, mkono ukavuta ile kamba ya jogoo, ikafunguka, na jogoo akaruka moja kwa moja mpaka kwenye sinia la mama mmoja wa upande wa bwana. Mama akapiga ukelele, sinia likaenda juu, visheti vikamwagika barazani, sambusa zikabingirika mpaka miguuni kwa Mama Temba, na yeye, Mungu ambariki, akasema kwa ile sauti yake, "Shabani, si tulisema Zuhura?"

Nikainua macho. Mwanahawa alikuwa amesimama ndani ya nyumba, upawa mkononi, ametoka jikoni kuangalia kelele. Hakucheka. Kwa muda wote niliomjua, hakuna siku nilifanya upuuzi mbele yake asicheke, na kule kutocheka kwake ndiko kulikonitisha.

Baba yake, Mzee Pazi, akaja mpaka mlangoni. Akasimama juu yangu. Akauliza, "Kijana, unatania au unasema?"

Hapo, ndugu zangu, nilikuwa nimefunguliwa mlango wa kutokea. Ningesema natania, basi, kila kitu kingesamehewa, visheti vingeokotwa, jogoo ningepewa, watu wangesimulia jinsi mtani alivyoinogesha shughuli. Lakini nikaona pia kwamba nikisema natania mbele ya huyu mzee, basi nimetania milele. Sitapata tena neno la kumwambia binti yake likaaminika mpaka nakufa.

"Nasema, mzee," nikajibu. Halafu nikakumbuka kwamba tangu nifike sijamwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba. Basi inuka, wageni wapite. Hawa wametuma mtu, wamekuja kwa miguu yao. Mimi sipokei posa kutoka sakafuni."

Nikainuka. Wageni wakapita, mmoja mmoja, wakikwepa visheti, na kila anayepita ananipa pole. Mambo ya Zuhura yakaenda salama, nashukuru, na yeye mwenyewe inasemekana alicheka chumbani mpaka wanja ukamchuruzika, akasema hata kama wageni wake wangekataliwa siku ile angekuwa ameridhika. Mimi nikaamriwa na Bi Tatu nikamkamate jogoo wake, kwa hiyo nusu saa iliyofuata nilikuwa kwenye mihogo ya jirani na kanzu imepandishwa mpaka magotini, huku wenzangu wa ofisini wamejipanga barazani wakinielekeza, pita kushoto, pita kulia, kama tunatafuta mpaka wa kiwanja.

Nikampata. Nikakaa naye nyuma ya nyumba karibu na masufuria, nimempakata, nimechafuka, sina pa kuweka uso. Mwanahawa akaja akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia mbele yangu.

"Kwa hiyo ulijua naolewa mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Ukapiga kanzu pasi, ukaja kula pilau yangu."

"Nilikuwa nataka kukaa kimya. Nimeshindwa."

Akachezea ncha ya khanga. Halafu akasema, "Siku ile kwenye chai nilikwambia sitanii. Kwani wewe peke yako ndiye unayejua kusema kweli?"

Nilikumbuka majibu yake yote ya kila asubuhi, mbele ya watu wote, na mimi nimekaa naona ninaumia peke yangu. Furaha ilinishika mpaka nikamminya jogoo, akalia, na hapo ndipo Mwanahawa alipocheka. Alicheka mpaka akashika sufuria. Nami nikacheka, na wanawake waliokuwa wanaosha sahani, ambao walikuwa wanajifanya hawasikii, wakacheka na sisi.

Alipoinuka kurudi jikoni akageuka akaniambia, "Baba anasema utume mtu. Mtu mzima. Na asiwe Mnyamwezi, maana tutacheka mpaka jioni na hakuna kitakachozungumzwa."

Nikatafuta. Nikampata mwenye nyumba wangu wa Kongowe, mzee wa Kipare ambaye tangu nimjue sijamuona meno, na nikaona huyu huyu ndiye. Akaenda Kisarawe mimi nimebaki nyumbani nimekaa kwenye ndoo nageuza simu mkononi, maana anayeposa hatakiwi kuonekana, na mimi nilishaonekana vya kutosha. Alirudi alasiri, akavua kofia, akakaa, akaomba maji, akanywa yote taratibu (Wapare hawa!), ndipo akasema wamepokea. Wamepokea vizuri. Ila baba wa binti ana sharti moja: siku ya ndoa mlango utafungwa na utafunguliwa na yeye mwenyewe, na akimkuta mtu yeyote amelala pale, atamruka aende zake msikitini kwenye ndoa, amwache hapo hapo.

Kwa hiyo msinicheke sana. Utani ni mtamu, mimi bado nautania ukoo ule wote na wao wananitania mimi, lakini nimeapa, na kiapo hiki nakila mbele yenu. Neno la moyoni sitalifunga tena ndani ya mzaha halafu nikalaumu watu kwa kucheka. Kama na wewe unalo, lipeleke mapema, umesimama wima, viatu miguuni, na umwamkie kwanza mwenye nyumba.