Nilimtengenezea mdogo wangu meme, nikaja kuikuta kwenye msiba wake

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea, mimi ni bibi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo aliyekuja kunisahihisha herufi aendelee na safari yake.

Haya ninayoandika sikusimuliwa. Nimeyafanya mwenyewe.

Naishi Nyanga, hapa Bukoba. Simu kubwa nilinunuliwa na mwanangu. Mjukuu wangu Kemi, msichana wa chuo, ndiye aliyenifundisha kuitumia, akanifundisha na hizi picha za kuchekesha mnazoziita meme. Unachukua picha, unaandika maneno juu, unaitupa kwenye grupu, watu wanacheka.

Nikazipenda. Sitaficha. Ukishinda peke yako na kahawa yako, halafu grupu zima linakujibu hahaha, unajiona bado upo.

Mdogo wangu anayenifuata aliitwa Kokushubira. Tulimwita Koku. Aliolewa Muleba, akafiwa na mume huko huko, akabaki na kibanja chake cha migomba na kahawa. Kanisani alikuwa kwaya, sauti ya kwanza. Mbele alikuwa amebakiwa na meno mawili, ila akiimba hakuna aliyeyaona.

Msimu mmoja wa senene nikaenda kwake. Asubuhi tumekaa barazani, beseni katikati, tunanyonyoa mbawa na miguu kabla ya kuwakaanga. Senene mmoja mzima akaruka akamwingia kifuani.

"Mawe, mama wee! Dada, nitolee!"

Kitambaa cha kichwa kimeanguka, macho yametoka, mdomo wazi na yale meno mawili.

Mimi badala ya kumtolea nikachukua simu.

Tulicheka wote wawili, hilo nalo mlijue. Alicheka mpaka machozi. Kisha akasema, "Hiyo ibaki humo humo kwako." Nikamwambia sawa.

Niliporudi Nyanga nikamwonyesha Kemi. Akasema, "Bibi, hii ni meme kabisa." Maneno niliyatunga mimi, yeye aliandika tu: PALE MGENI ANAPOSEMA ATAKAA MWEZI MZIMA. Nikaitupa kwenye grupu la ukoo.

(Wengi humu mnapenda kusema vijana wameharibika. Hapa kijana hana kosa.)

Ukoo wetu umetawanyika kila mahali, na picha nayo ikatawanyika hivyo hivyo. Haikupita wiki. Niko Kemondo natafuta samaki, dereva mmoja wa bodaboda akanisogezea simu yake: "Bibi, hebu muone huyu mwenzako!" Hajui ni nani.

Nikacheka naye.

Koku hakuwa na simu ya picha. Habari aliikuta sokoni Muleba, kashusha mikungu yake. Vijana wakaanza: "Bibi, mgeni kaja! Anakaa mwezi!" Akadhani wamelewa, mpaka mama mmoja wa dagaa alipomwonyesha.

Akanipigia. "Dada, picha yangu iko sokoni."

Nikamjibu kwa ukali, kama ninavyojibu siku zote. "Koku, huo ni utani. Watacheka siku mbili watachoka. Usijifanye mtoto."

Kisha akasema, "Wao hawanijui. Wewe unanijua."

Akakata.

Hakulizungumza tena. Ila kwaya aliacha. Sokoni akawa anatuma mtu. Na akimwona mtu yeyote na simu, anavuta khanga usoni. Harusi ya mjukuu wake mwenyewe, kila picha ya familia, Koku ni khanga tu.

Nikaona ni maringo, na nikamwambia hivyo. Samahani sikuwahi kusema, wakuu. Mimi ndiye mkubwa. Nililelewa kwamba mkubwa anaombwa, haombi.

Mwaka huu akaugua, akalazwa. Nikapanda gari kwenda Muleba, na lile neno nimelishika njia nzima. Kweli nilikuwa nalo.

Naingia wodini, simu iko mkononi, maana nilikuwa nampigia mwanawe anielekeze kitanda. Koku aliiona simu kabla hajaniona mimi. Akavuta shuka akajifunika uso.

"Koku, ni mimi."

Akajibu ndani ya shuka, "Najua."

Simu nikaitupa kwenye mkoba. Shuka haikushuka. Nikakaa pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, nikaondoka na neno langu.

Siku tatu baadaye alifariki.

Sasa sikilizeni. Misiba yetu siku hizi, picha ya marehemu inatangulia jeneza, iko kwenye fremu, mjukuu ameishika. Asiye na picha anaonekana hakuwa na watu. Mwanawe Mutalemwa akazunguka msibani anauliza, "Nani ana picha ya mama?"

Za zamani mchwa walimaliza. Kitambulisho cha taifa alipewa namba, kadi haikuja. Kadi ya kura ililowa, uso umebaki kivuli. Watu wakafungua simu zao. Khanga. Khanga. Khanga.

Mutalemwa akaja akachuchumaa mbele yangu. "Mama mkubwa, ile bado unayo?"

Hakuitaja jina.

Ile safi nilishaifuta siku simu ilipojaa. Iliyobaki ni yenye maneno. Nikampa.

Wakaipeleka stationery. Kijana wa pale akafuta maneno, yalipokuwa pakabaki ukungu kwenye paji la uso. Na mdomo akaufunga kwa kompyuta, ili apendeze. Ikarudi picha ya mwanamke nisiyemjua, katulia, midomo mizuri.

Mutalemwa akaiangalia, akasema, "Huyu si mama. Kijana amrudishie meno yake."

Ndivyo tulivyomzika. Mdomo wazi.

Jeneza lilipotoka kwenda kibanjani, picha mbele, kulikuwa na vijana wamesimama kwenye migomba, wametoka mjini. Mmoja akaiona. Kicheko kikamtoka puani, akaziba mdomo. Mwenzake naye akaanza kutikisika mabega.

Watu wakanigeukia mimi. Kukemea msibani ndiyo kazi yangu miaka yote, hakuna asiyejua.

Mimi nikaendelea kulifuata jeneza. Kile kicheko nilikijua, nilikicheka Kemondo.

Wiki iliyopita picha imenirudia, safari hii kwenye grupu la akina mama wa kanisani, ina maneno mapya. Aliyeituma alikuwepo msibani, alitupikia. Sidhani hata alikumbuka.

Funzo langu ni fupi. Mtu akikwambia ibaki humo humo, ibaki. Na ukimkosea mtu, uwe mkubwa uwe mdogo, mwombe radhi akiwa bado anakuangalia.

Haya, semeni na nyie. Wa kunilaumu nafasi ipo, sitamjibu vibaya. Najua humu wapo wenye hiyo picha kwenye simu, na kuna mmoja ataiweka hapo chini tucheke. Siwezi kumzuia.

Ila akiiweka aandike na jina. Kokushubira wa Muleba, sauti ya kwanza.