Mwanamke Aliyekinga Tone

Uniamini usiniamini, haya yalinipata mimi mwenyewe, saa nne za asubuhi, nje jua likiwaka. Sikuwa na homa, wala sikuota.

Wakati ule nilikuwa namsaidia mama mmoja profesa, aliyetaka kujua mvua za masika, zile ziletwazo na upepo wa kusi, zilinyeshaje pwani yetu zamani, kabla watu hawajaandika chochote. Unajiuliza zitajulikanaje? Kwa mawe ya pangoni. Maji ya mvua hupenya ardhini, yakadondoka ndani ya pango, na kila tone likaacha chokaa kidogo sakafuni. Karne baada ya karne, chokaa ile huota ikawa jiwe refu mfano wa mshumaa. Ukilipasua, unaona pete ndani yake, na kwa pete hizo Profesa alikuwa akisoma miaka ya neema na miaka ya njaa.

Pango lenyewe liko bara ya Kilifi, jina silitaji. Siku hiyo Profesa alibaki mlangoni na Kahindi, mkulima wa hapo aliyekuwa akituongoza, wakihangaika na jenereta iliyokataa kuwaka. Mimi nikatangulia ndani na tochi yangu, nilitie alama jiwe la kukatwa.

Nikamkuta mwanamke amepiga magoti kando ya jiwe lile lile. Mifupa imemtoka mabegani. Amempakata mtoto, kamwinua kidogo ili kinywa chake kikinge tone. Hakuwa na taa. Alifikaje huko gizani? Wallahi, swali hilo halikunijia. Nilimwona mtoto mgonjwa, basi.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mtoto ana nini?"

Hakuitikia salamu. Alisema Kigiriama kizito ambacho sijapata kukisikia popote, lakini mamangu ni Mgiriama wa Ganda, nikamwelewa.

"Kiu," akasema. "Kusi limekuja kavu tena. Visima vyote vimekufa. Pamebaki hapa tu."

Kavu? Jana yake gari letu lilikuwa limekwama matopeni!

"Mama, nje mvua imenyesha. Nipe mtoto, tumkimbize hospitali."

Akanitazama, akanitazama. "Utambeba wewe?"

"Nitambeba. Nipe."

Akanipa. Nikampokea kwa mkono wa kushoto, na uzito wake ukaniinamisha. Alikuwa baridi, mgumu. Nikammulika. Kinywa kilikuwa wazi, na ndani kimejaa chokaa nyeupe, imeganda mpaka kooni.

Alikuwa amekingishwa tone lile kwa muda gani?

Nilipoinua macho, mama hayupo. Nikatazama mkononi: hapana mtoto. Lakini uzito ulikuwapo, palepale, kwenye kiwiko. Nikapiga ukelele.

Kahindi akaja mbio, akanikuta nimechuchumaa, mkono nimeukunja. Hakuniuliza nimeona nini. Aliuliza, "Umekubali kupokea?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanitoa nje kwa kunikokota, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ndani ya pango.

Profesa alisema ni hewa mbaya. Jenereta ilipokubali, akaingia mwenyewe, akalikata jiwe.

Baada ya miezi kadhaa akanipigia simu akiwa na furaha. Katikati ya jiwe, akasema, pete zimekoma kabisa, halafu zikaanza upya juu yake. Ukame wa kutisha, wa miaka mingi mfululizo. "Hebu fikiria," akasema, "watu waliishije?"

Nikamuaga, nikakata simu.

Mkono wangu haujanyooka hadi leo. Nimepigwa picha hospitali mbili. Mfupa mzima, mishipa mizima, madaktari wakanirudisha nyumbani. Navaa buibui pana watu wasiulize. Mume wangu alivumilia mwaka mmoja, kisha akahamia chumba cha pili, na simlaumu. Maana masika yakichelewa, kitu hugeuka hapa kwenye kiwiko. Kinageukia kifuani, kinatafuta titi. Na asubuhi nguo yangu upande huo huwa na unga mweupe.

Nakuomba, ndugu yangu. Ukiingia pangoni ukamkuta mtu anakinga maji, pita zako. Akikuuliza kama utambeba mwanawe, usijibu, hata moyo ukuume vipi.