Kuinuka Bila Kuambiwa

Mimi ninayeandika haya, kama wengi waliopanda ngazi za ukumbi ule wa mazoezi ulio juu ya duka la samani, nilimpima Mama Kocha kwa macho nikakosea. Nilimwona mwanamke wa makamo, mnene kiasi, magoti yakimlalamikia kila alipochuchumaa, akipiga miayo kwenye kiti cha plastiki. Nikadhani ni mfagiaji aliyejipumzisha. Mkutubi, ambaye habari hii ni yake zaidi kuliko yangu, alifanya kosa hilohilo, tena yeye alilitoa mdomoni.

"Samahani mama, mkufunzi tutamkuta wapi?" aliuliza, mkono wake umeushika wa baba yake.

"Umeshamkuta," mwanamke yule alijibu bila kunyanyuka. "Karibuni. Nilivyowaona, nilidhani leo nimeletewa chai."

Upande wa pili wa ukumbi alikuwako mkufunzi mwingine, bwana mmoja aliyeitwa Kifua kwa kuwa kifua chake ndicho kilichotangulia kuingia mlangoni. Alikuwa akiwafokea wanafunzi wake mpaka vioo vinatetemeka. Mkutubi alimtazama kwa matamanio. Huyo ndiye aliyefanana na kazi yake. Hata hivyo Kifua hakufundisha wazee, na aliyeletwa alikuwa mzee.

Baba huyo alikuwa ameendesha malori tangu ujanani. Baada ya kustaafu na kufiwa na mkewe, alibaki peke yake katika nyumba aliyoijenga chumba baada ya chumba, kila safari ikileta mabati yake. Majuzi aliteleza bafuni. Hakuvunjika kitu, ila alishindwa kuinuka, akakaa chini hadi binti yake alipopita kumjulia hali baada ya kazi. Tangu hapo wakawa wanavutana. Binti alitaka baba ahamie kwake. Baba alisema nyumba ile ataiaga siku ya kubebwa. Mwishowe wakaafikiana: akijifunza kuinuka sakafuni bila kushikwa na mtu, atabaki nyumbani mwake. Akishindwa, atafungasha virago, na nyumba itapangishwa.

"Basi kazi yetu ni hiyo moja," Mama Kocha alisema alipoelezwa. "Tumbo lako sitalipunguza, mzee wangu."

"Tumbo liache lilivyo. Huo ni mzigo halali, nimeulipia ushuru mipaka yote."

Ikawa kila Jumamosi baba analala juu ya mkeka na Mama Kocha anavuta kiti karibu. Hakumgusa. Alimpa hatua moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Geuka ubavu. Jikweze kwa kiwiko. Sasa magoti na mikono, kama mtoto anayetambaa. Taratibu, hakuna anayekufukuza. Mguu wenye nguvu mbele. Mkono juu ya paja. Pumua. Haya!"

Kwa hilo "haya" mzee alijikokota juu, akiguna na kulaani.

"Hata lori likinasa kwenye tope halitolewi kwa adabu zote hizi."

"Ndiyo maana malori hayazeeki vizuri. Lala tena."

Mkutubi alikaa kwenye benchi ukutani, mkoba mapajani, akisinzia. Wiki nzima alikuwa kazini akipanga vitabu ambavyo wengine walivivuruga. Jioni alipitia kwa baba, akapika, akafua, kisha akaenda kwake kupika na kufua tena. Katika usingizi ule wa mang'amung'amu kulikuwa na swali alilokuwa akilikwepa. Je, alitaka baba ahamie kwake ili awe salama, au ili yeye apunguziwe nyumba moja? Hakuwa na hakika. Akimwona mzee anapanda vizuri, moyo wake ulifurahi, kisha palepale akaanza kuhesabu safari zote ambazo bado zingemngoja. Aliona haya kwa hilo, na haya yenyewe ikamchosha zaidi.

Siku ya kuamua ikafika. Hata Kifua aliwanyamazisha watu wake ili watazame. Baba alilala mkekani, Mama Kocha akataja hatua zake, na kwa "haya" mzee akasimama wima pasipo kuyumba. Ukumbi ukapiga makofi. Baba alimgeukia binti yake kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

"Umeona, mwanangu? Kile chumba mlichonitandikia, fugeni kuku."

Mkutubi alicheka na kujifuta macho. Mama Kocha hakupiga makofi.

"Mzee wangu, hebu lala tena."

"Tena? Si nimeshafaulu?"

"Lala tu. Fanya kama umeanguka."

Mzee akalala, akijitapa kwamba hata mara ya pili atawaonyesha. Mama Kocha akaweka kidole mdomoni kuwaonya watu wa Kifua, akamshika mkutubi mkono, wakatoka hadi penye ngazi na kuuacha mlango wazi kidogo.

Walichungulia. Baba alilala chali akitazama feni ya darini. Akageuza uso kuelekea kilipokuwa kiti. Akangoja.

"Mama Kocha, niko tayari," alisema.

Akainua kichwa kidogo.

"Mama Kocha? Jamani?"

Mkono wake ukaanza kupapasa sakafu, ukitafuta kitu cha kushika ambacho hakikuwapo. Hakugeuka ubavu. Kiwiko hakikusogea. Mkutubi alitaka kukimbilia ndani, lakini Mama Kocha alimzuia kwa mkono wa blauzi, akamshikilia kitambo, kisha akamwachia.

"Kosa ni langu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemfundisha kuinuka nikimwambia. Amekuwa akinyanyuliwa na sauti yangu muda wote huu, nami sikuliona hilo. Bafuni kwake nani atamwambia 'haya'?"

"Lakini hatua zote anazijua."

"Anazijua, naam. Mwulize ukiwa naye mezani atakutajia zote. Mtu akiwa chini peke yake, hofu inakaa mahali pa akili."

Mkutubi aliegemea ukuta. "Mama, niambie kweli. Angekuwa baba yako, ungemwacha akae peke yake?"

Mama Kocha alijisugua magoti kwanza, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jibu jepesi na kulikosa.

"Nisingemwacha. Si kwa sasa."

Kifua, aliyekuwa amesogea mlangoni, alitikisa kichwa. "Ah, mama! Ungenyamaza tu. Mzee alishashinda."

Na mzee, ambaye masikio yake hayakuwahi kustaafu, alisikia yote kutoka mkekani. Waliporudi alikuwa amekaa, ameshikilia mguu wa kiti.

"Nilidhani uko upande wangu," alimwambia Mama Kocha.

"Niko upande wako, mzee wangu."

"Basi upande wangu umehama bila kuniaga."

Alifunga kamba za viatu mwenyewe, akichukua muda mwingi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Alihamia kwa binti yake, na nyumba yake ikapata wapangaji. Jumamosi ya kwanza Mama Kocha alibisha hodi pasipo kuitwa, akaweka kiti katikati ya chumba, akakaa amempa mzee mgongo, akanyamaza. Baba hakumsalimu. Alijilaza sakafuni na kukaa hukohuko kwa ukaidi mtupu, hadi saa ya mama wa watu kuondoka ikafika. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Kisha siku moja mkutubi, aliyekuwa jikoni akimenya vitunguu, alisikia kiwiko kikigonga sakafu, halafu goti, halafu pumzi ndefu, bila neno la mtu yeyote. Alisimama na kisu mkononi. Aliposikia miguu miwili, alirudi kwenye vitunguu vyake. Alijua fika kwamba nyumba ile ya baba sasa ina watoto wa watu wengine wanaokimbia ukumbini mwake.

Ni baadaye sana, Mama Kocha alipougua homa na Kifua akaja kushika nafasi yake, ndipo mkutubi alipouliza. Alimpa chai, akataka kujua ni kitabu gani au chuo gani kilichomfunza yule mama kumwacha mtu chini na kutoka nje.

Kifua, ambaye sauti yake ilizoea kuvuka barabara, aliishusha. Alisema juma lilelile kabla ya mtihani wa mzee, Mama Kocha, anayeishi peke yake, aliteleza jikoni kwake asubuhi, akalala sakafuni akitazama dari hadi mchana, jirani alipokuja kuazima ngazi. Alipoinuliwa, hakukutwa na jeraha lolote.