Spika ya Kusikiliza kwa Miguu

Wenzangu mliokulia kwenye vijiji vya ujamaa hamtanicheka nikiwaambia kwamba mwezi uliopita nilivua viatu katikati ya duka la vifaa vya muziki pale Kabanga, nikasimama pekupeku mbele ya watu. Vijana wacheke tu, wamezoea kutucheka. Nilikwenda kutafuta spika ndefu, zile za kusimama sakafuni, za bei ya mtu wa kawaida, kwa ajili ya kaka yangu Laurenti anayeishi Biharamulo. Laurenti hasikii. Masikio yake yalibaki vitani. Muziki anausikia kwa nyayo, na sasa kisukari kimeanza kuzitia ganzi nyayo zenyewe. Spika yake ya zamani ikafa wakati huohuo, kama vile vilipatana. Kwa hiyo nilisimama pale dukani nimefumba macho, nikijiuliza kama ninayoichagua itamfikia au nimechelewa.

Kijana muuzaji alikuwa ameshanichosha kwa maneno. Hii ina besi ya kutikisa mtaa, ile ina taa zinazobadilika rangi, hii nyingine unaiunganisha na simu hata ukiwa jikoni. Nikamwambia azime taa zake, anipigie ngoma. "Mama, spika inasikilizwa kwa masikio," akaniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na bibi yake aliyeanza kusahau. Akili yangu ilikuwa imeshatoka pale dukani, imerudi nyumbani kwetu, kwenye sakafu ya udongo iliyosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, mbele ya mtungi wa Mama.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara itokayo Lusahunga kwenda Biharamulo. Nyumba zilipangwa mistari, na kila mama alilalamikia migomba aliyoiacha kwenye shamba lake la zamani tulipohamishiwa pale. Sisi watoto tulipaona pazuri, maana wenzetu walikuwa karibu na rede ilichezwa mpaka giza liingie, kwa mpira wa majani makavu ya mgomba. Asubuhi mchakamchaka, mchana jembe la shamba la kijiji, jioni ugali wa muhogo na maharage, na mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, na kipande chako ukikipoteza kisimani ulikuwa unatafuta maneno ya kusema njia nzima. Mimi niliyatafuta mara nyingi, kwa sababu nilizaliwa na hofu. Mama alikuwa akiniambia, "Wewe Stazia utaogopa mpaka kivuli cha kuku."

Baba alikuwa na redio, moja ya chache pale kijijini. Mama aliifumia kitambaa cheupe, na ilikaa juu ya meza yake peke yake kama mgeni wa heshima. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na mihogo, zikapata nguvu kidogo, tukazirudisha. Mwambie hivyo mjukuu wako leo, atakuangalia mara mbili. Kasoro yake ilikuwa moja: mende walikuwa wameitafuna karatasi ya spika, na mtangazaji alisikika kama mtu anayeongea huku amejaza ugali mdomoni. Zamani hilo halikutusumbua. Baba alitaka ngoma na nyimbo tu, na ngoma haiharibiki sana kwa ugali.

Halafu vita vikaja. Malori ya askari yakaanza kupita barabarani kwetu kuelekea Bukoba, usiku na mchana, vumbi likaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Kutoka kaskazini wakaja watu wamebeba magodoro na kuswaga mbuzi, wakasema nduli wa Uganda na majeshi yake wamevuka mto wa mpakani. Shuleni tukaacha kuchimba bustani, tukachimba mahandaki. Laurenti alikuwa amemaliza mafunzo ya mgambo. Alipanda lori akiwa na blanketi la nyumbani begani, akatupungia mkono akicheka, kana kwamba anakwenda harusini. Mama hakulia mbele yake. Aliingia jikoni, akakaa huko mpaka moto ukazima.

Tangu siku ile redio ikabadilika, na kazi yangu duniani ikabadilika. Mama alikuwa mtu wa Kisubi, lugha ya kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha chumvi na mafuta ya taa, nacho kilimtosha mpaka vita vilipoanza. Maneno ya taarifa ya habari yalimpita. Jioni nyingi Baba alikuwa kwenye zamu ya ulinzi wa kijiji, kwa hiyo mimi niliyekuwa darasa la nne ndiye niliyesimama karibu na redio, nikasikiliza Kiswahili na kumpa Mama kwa Kisubi. Mama aliamini kwamba askari akifa, serikali italitaja jina lake redioni. Sijui alilitoa wapi hilo, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kama ni kweli au si kweli. Kila jioni aliacha alichokuwa akifanya, akasimama mlangoni na mikono yake ina unga au maji, akiniangalia mdomo.

Jamani, niliogopa. Niliogopa kwamba jina litatajwa nami sitalisikia kwa ule mkwaruzo wa spika. Niliogopa zaidi kwamba nitalisikia, kisha nitalazimika kulitamka kwa Kisubi mbele yake. Nilikuwa nikihisi kwamba Laurenti atakuwa hai mpaka mimi nitakapofungua mdomo. Taarifa ikiisha nilimwambia neno moja tu, kwa lugha yetu, "Hawajamtaja." Mama alishusha pumzi, akarudi kwenye mihogo yake.

Baba akaona spika ile haifai tena. Alinichukua mpaka kwa fundi Bosko, aliyetengeneza redio na baiskeli kwenye kibanda kimoja. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu, mmeniletea mgonjwa gani?" Alikuwa na spika mbili tu. Moja ndogo, imetolewa kwenye gari bovu, sauti nyembamba lakini kila neno linasimama peke yake. Nyingine pana kama ungo, yenye shindo la kukutikisa kifuani, ila maneno ndani yake yalizama. Sanduku la mbao la kuitilia hatungeliweza, misumari yenyewe ilikuwa haionekani dukani. Bosko akasema sanduku halina haja, tafuteni mtungi mkubwa, muuweke sakafuni, spika muilaze mdomoni mwake, mtaona. Mimi nilimvuta Baba shati nikimwonyesha ile ndogo. Baba alikuwa ameshaiweka mikono kwenye ile pana. Mwanaume akikutana na shindo, huwezi kumsemesha. Hilo mpaka leo halijabadilika.

Mtungi mkubwa ulikuwa mmoja, ule ambao Mama alichachushia pombe ya ndizi, alioletewa na mama yake alipoolewa. Baba aliuosha mwenyewe Mama akiwa kisimani. Jioni akaunganisha nyaya, akaketi na kukunja mikono. Ile ngoma inayotangulia taarifa ya habari ilipopiga, sakafu ilitetemeka, vikombe vikagongana, kuku wakaruka. Nje nikasikia mtu anapiga yowe, kisha miguu mingi ikikimbia. Mstari wetu mzima wa nyumba uliingia kwenye mahandaki. Mama Geni, jirani yetu, aliingia na sufuria ya maharage kichwani na hakuiachia. Walikaa humo mpaka balozi wa nyumba kumi alipotambaa kuja kuchungulia, akamkuta Baba anahangaika kutafuta pa kupunguzia sauti. Mambo ya kuchekesha hayo, na watu walicheka kwa wiki nzima. Wakati ule lakini nilikuwa nimejikunja chini ya meza, nimeziba masikio, na taarifa ya habari ilikuwa inasomwa bila mtu wa kuisikiliza.

Mama hakucheka hata baadaye. Alinivuta kutoka chini ya meza, akauliza kama ametajwa. Nikasema sijui. Hilo "sijui" ndilo lililomkasirisha. Akamgeukia Baba, na ndiyo siku pekee niliyomsikia akimpandishia sauti: "Nataka maneno. Shindo litaniambia nini kuhusu mwanangu?" Usiku ule hakulala. Alikuwa akiniuliza kila mara, una hakika hukusikia chochote, hata kidogo, hata mwanzo wa jina? Asubuhi alibeba mwenyewe ile spika pana kichwani, akairudisha kwa Bosko, akaja na ile ndogo. Tukaifunga kwa kamba kwenye kisanduku cha sabuni ukutani. Tangu siku ile mtangazaji alisikika kama yumo humo ndani na sisi, na hofu yangu ikaongezeka badala ya kupungua, maana sasa sikuwa na kisingizio.

Vita vilipokwisha kijiji kiliimba mpaka sauti zikakauka. Laurenti hakuonekana. Wengine walirudi, yeye hakuonekana, na mimi niliendelea kusema "Hawajamtaja" kwenye taarifa ambazo tayari zilikuwa zinaongelea pamba na mvua. Alikuja mchana mmoja tukimenya mihogo. Lori lilimshusha barabarani, akatembea taratibu na lile blanketi begani. Mama alimwona mgongo, kwa sababu alikuwa amesimama akiitazama nyumba ya jirani kana kwamba amesahau ya kwetu. Akamwita. Akamwita tena kwa nguvu, na mimi nikamwita, na Mama Geni akamwita. Hakugeuka. Mizinga ilikuwa imeyachukua masikio yote mawili. Mwaka mzima tulisubiri kusikia jina lake, na sasa yeye ndiye asiyeweza kulisikia.

Miezi ile ya kwanza Laurenti alikuwa mtu wa kukaa. Alitazama ukuta, alitazama mikono yake. Mtu akimjia nyuma aliruka. Mama alimpikia kila alichokipenda, akakigusa na kukiacha, nikaanza kuogopa kwamba amerudi ili tumpoteze nyumbani. Ndipo Mama alipofanya jambo ambalo sikulitegemea kwake. Alimwaga pombe yake yote iliyokuwa inachachuka, akaosha mtungi, akaenda kwa Bosko na kurudi na ile spika pana aliyoichukia. Bosko alikuja nyuma yake amebeba nyaya. Wakauweka mtungi mbele ya kigoda cha Laurenti, na Mama akaishika miguu yake kwa mikono yake miwili, akaikanyagisha pale sakafuni karibu na mtungi. Ngoma zikaanza. Safari hii majirani walikuwa wameambiwa.

Laurenti alitazama miguu yake. Akatutazama. Kisha kidole gumba kikaanza kwenda juu na chini, kikifuata mpigo. Akaionyesha redio kwa kidole, akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Mama, hapa ndipo mlipokuwa mnanitafuta?" Mama aliitikia kwa kichwa, akaketi chini palepale, akalia kilio chote alichokibana tangu siku ya lori.

Basi hayo ndiyo niliyomweleza yule kijana wa Kabanga, kwa kifupi, huku watu wengine wanasubiri kuhudumiwa. Akavua viatu vyake vya bei, akasimama kando yangu na soksi, akaanza kubadilisha spika moja baada ya nyingine. Zile zenye taa zilikuwa kelele tupu, chini hazishuki. Tulizichukua nyeusi zisizo na urembo, zenye sanduku refu la mbao nzito, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Hizi zinapanda mpaka magotini, Mama." Alizifunga vizuri kwa maboksi. Njia nzima kupitia Nyakahura nilizishikilia kwenye basi, na kila tuta lilinipiga moyoni.

Nyumba ya Laurenti siku hizi ina sakafu ya vigae. Nilikuwa nimesahau vigae, havitetemeki kama udongo. Tulizisimamisha, tukawasha redio, akaweka nyayo zake, akasubiri. Nilimwangalia usoni kama Mama alivyokuwa akiniangalia mimi. Akatikisa kichwa. Nikaongeza sauti mpaka vioo vya dirisha vikalia, akatikisa tena kichwa, taratibu, kwa huruma, maana alikuwa ananionea huruma mimi. Nilitaka kuketi chini. Aliyeketi chini ni yeye. Alijishusha kwa shida za uzee, akauegemeza mgongo wake wote kwenye lile sanduku refu, kisogo na mabega na kiuno, akafumba macho. Baada ya muda vidole vyake vikaanza kupiga goti.

Wajukuu walikuwa sebuleni humohumo, kila mmoja ameziba masikio yake kwa vile vidude vyao, kila mmoja na wimbo wake. Hawakujua kilichotokea. Siwalaumu sana. Sisi tulikuwa na spika moja, na aliyepita barabarani aliingia kuuliza kumesemwa nini. Leo kila mtu ana sauti yake mfukoni na jirani akifa unaweza kupita mlangoni kwake unacheka. Natamani ile sakafu yetu ya udongo, ijapokuwa sikuwahi kuwa na amani juu yake hata jioni moja.

Muziki ukakatika, taarifa ya habari ikaanza. Laurenti akahisi mgongoni kwamba ngoma zimekoma. Akafumbua macho, akaniuliza kwa sauti ya kuwashtua wajukuu wote, "Wanasema nini?" Nikapiga magoti mbele yake ili anisome midomo, na kwa Kisubi, polepole, nikamwambia, "Hawajakutaja."