Sarafu Juu ya Dagaa

Wachimbaji wa upande wa Geita wana desturi moja ambayo siipendi hata kidogo. Mtu akikutana na mlemavu kabla hajashuka kwenye shimo la dhahabu, humpa sadaka. Waganga wamewaambia kwamba inafungua njia ya mali. Tena ina sharti: ukishatoa, usipokee wala kununua kitu chochote kwa uliyempa, la sivyo bahati inakukimbia na shimo linaweza kukufukia. "Hujafa hujaumbika," husema, wanaweka sarafu na kwenda zao. Wengine wataona huo ni wema. Mimi nauza dagaa. Kila anayenipa sadaka ni mteja aliyekwenda.

Machimbo ya kwanza yalinishinda kwa sababu hiyo. Nilipohamia mengine, nikaingia kwa akili. Nilikuwa nafika mezani kabla hakujapambazuka, nalaza magongo yangu chini ya meza, najifunga khanga mpaka miguuni, nakaa kama mama mwingine yeyote. Mguu wangu wa kushoto ulinyauka nikiwa mtoto, nyumbani kwetu Kambarage, lakini mguu haukaangi dagaa. Aliyejua ni mama wa vitumbua tu, jirani yangu wa meza, naye alininyamazia.

Biashara ikakubali. Dagaa wangu wa Nkome, wa kukaanga na pilipili, walikuwa wanakwisha kabla jua halijawa kali. Mteja wangu mkubwa alikuwa mchimbaji mmoja mrefu, rika langu kabisa, Msukuma mwenye maneno mengi.

"Mwangaluka, ng'wanike!" ndivyo alivyoniamkia kila asubuhi, kama anaamkia msichana wa kwao. "Mbona hicho kikombe cha kupimia kinazidi kukonda? Kinaumwa?"

"Kinaumwa macho yako. Lipa kwanza."

"Basi weka nyongeza. Nikipata mali nakuoa."

"Mali hiyo naisikia tangu kiangazi."

Sikuwa na haja ya kuolewa naye. Nilichopenda ni ule ubishi. Mtu anayekuhurumia hakuombi nyongeza, wala hakwambii kikombe chako kimekonda. Yule bwana alinipunja na mimi nikampunja, na nilirudi chumbani nimefurahi.

Asubuhi moja upepo wa mvua ukang'oa turubai letu na kupindua jiko. Mkaa wa moto ukamwagika miguuni pangu. Yeye ndiye aliyekuja mbio. "Simama, ng'wanike! Unangoja nini?" Ningefanya nini? Niliinama, nikavuta magongo, nikasimama.

Akayatazama magongo. Alibeba ndoo yangu ya dagaa mpaka kwenye baraza ya duka, akaiweka chini taratibu. "Pole, mama," akasema. Nilikuwa mama tayari, si ng'wanike tena, na mvua haijakatika.

Kesho yake sikuficha magongo. Ya nini tena? Niliyaegemeza mezani, nikachota kikombe cha dagaa nikakijaza mpaka kikafurika, nikamngoja. Nilimwomba Mungu yule bwana aje na ubishi wake.

Alikuja.

"Shikamoo, mama," akasema, macho yakiwa chini.

Shikamoo, rika langu! Akatoa sarafu, akaiweka juu ya dagaa, polepole, kama mtu anayeweka kitu kanisani.

"Kikombe chako hiki hapa," nikamwambia. "Nimeweka na nyongeza. Chukua."

Akarudi nyuma. "Hapana, mama, tafadhali. Nashuka shimoni sasa hivi."

Nilitaka kumtupia sarafu yake usoni. Lakini nilimwona anafuta kwenye suruali vidole vilivyogusa dagaa, na nikajua haigizi. Anaogopa kweli kufia kule chini kwa sababu ya kikombe changu cha dagaa. Hasira ikakosa pa kwenda.

Akahamia meza ya pili, kwa mama wa vitumbua.

"Mwangaluka!" nikamsikia, sauti imemrudia. "Mbona vitumbua vyako vimekonda hivi? Weka nyongeza."